Mjadala: Mtoto wa chini ya miaka sita, afuatane na wazazi ng'ambo au abaki kwa nyanya?

Mamboleo, Kisumu:
Naanzisha. Msimamo wangu ni kwamba mzazi akipata kazi ng'ambo, mtoto aliye chini ya miaka sita aende naye. Viza ikikataa, mzazi mmoja abaki Kenya. Kumwachia nyanya huko Seme au Butere na kutuma M-Pesa kila mwisho wa mwezi si mpango, ni kubahatisha. Ibara ya 53 ya Katiba inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi, na jukumu hilo ni la mama na baba sawasawa, wawe wameoana au la. Nyanya hakutajwa pale. Ombi langu ni moja: tusisimuliane maisha yetu humu, maana hatutamaliza. Leta saa, pesa, karatasi au dawa.

Sista, Kakamega:
Mamboleo, wewe umeanza na moyo, mimi naanza na viza. Uingereza, tangu tarehe 11 Machi 2024, anayeingia kwa kazi ya kutunza wazee haruhusiwi kuja na mume, mke wala mtoto. Tangu 22 Julai 2025 kazi hiyo haiajiri tena watu kutoka nje. Muuguzi aliyesajiliwa ndiye bado anaweza kwenda na familia, na viza yake inamwondolea ile ada ya matibabu ambayo kwa mtoto ni pauni 776 kwa mwaka. Ila lazima aonyeshe pesa: pauni 285 za mwenzi, 315 za mtoto wa kwanza na 200 kwa kila anayefuata. Ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo, au mwajiri aandike kwamba atawasimamia. Salio likishuka hata siku moja katikati, unaanza kuhesabu upya.

Sasa wanapokwama wengi. Mtoto hupewa viza kama wazazi wote wawili wako au wanaenda Uingereza, au kama anayeenda ndiye peke yake anayebeba jukumu la mtoto. Mama anayelea peke yake hudhani barua ya baba ya "nimeruhusu" inatosha. Haitoshi. Barua hiyo yenyewe inaonyesha kwamba baba bado ana usemi! Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba mama ndiye anayeamua mambo yote makubwa ya mtoto: shule, matibabu, makao.

Dubai nako, mwenye mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 na nyumba ya kazi, anaweza kudhamini familia. Mfanyakazi wa nyumbani analala kwa mwajiri, kwa hiyo hesabu hiyo haimhusu kabisa. Ukimwambia mama wa namna hiyo "mzazi mmoja abaki", na mzazi ni yeye tu, umemwambia asiende. Sema hivyo waziwazi basi.

Mamboleo:
Nasema hivyo waziwazi, Sista. Wengine wasiende mpaka mtoto afike miaka sita.

Sista, Kakamega:
Na karo ya yule mkubwa wa Gredi ya 5 italipwa na Katiba?

Baba Pacha, Nakuru:
Wacha niwaletee ratiba, maana viza ikitoka ndipo shida inapoanza. Muuguzi wa kazi kamili Uingereza anadaiwa saa 37 na nusu kwa wiki. Zamu ndefu ni saa 12 na nusu, na saa moja ya mapumziko hailipwi, kwa hiyo zinahesabiwa 11 na nusu. Ndiyo maana hufanya zamu 13 katika wiki nne: wiki tatu za zamu tatu tatu na wiki moja ya zamu nne. Ya mchana inaanza saa moja na nusu asubuhi mpaka saa mbili usiku. Ya usiku inaanza saa moja na nusu jioni mpaka saa mbili asubuhi. Vituo vingi vya kulea watoto vinafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Yaani mama ameshaingia wodini nusu saa kabla mlango wa kituo kufunguliwa, na kituo kimefungwa saa mbili nzima kabla hajatoka.

Mtu atasema mume afanye usiku, mke mchana. Kwenye karatasi inakaa vizuri. Lakini wa mchana anatoka nyumbani saa moja kasorobo, na wa usiku anafika saa tatu kasorobo. Mtoto wa miaka miwili ana saa mbili bila mtu, na jirani wa kugongea mlango kama hapa Section 58 hakuna. Halafu anayetoka usiku hajalala, ndiye sasa anashika mtoto mpaka jioni. Njia ni mbili. Kwanza, uombe siku zisizobadilika. Tangu 6 Aprili 2024 una haki ya kuomba hivyo tangu siku ya kwanza kazini, ingawa mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zinazotambuliwa na sheria. Pili, utafute mlezi aliyesajiliwa anayepokea watoto nyumbani kwake mapema kuliko kituo. Ukipata mmoja anayekubali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mshike kwa mikono miwili.

Na msidanganywe na maneno ya "saa 30 za bure". Hizo tangu Septemba 2025 wanapewa watoto wa England kuanzia miezi 9, wiki 38 kwa mwaka, wazazi wakiwa kazini. Ila walau mzazi mmoja awe na haki ya kutumia fedha za umma, na viza za kazi nyingi zimepigwa muhuri wa kuzuia hilo. Zilizobaki kwenu ni zile 15 za kila mtoto wa miaka mitatu na minne, bila kujali viza. Piga mara 38, ni saa 570 kwa mwaka. Muuguzi mmoja anamaliza hizo kwa zamu 46, kabla hata hujahesabu njia. Mtoto akiingia shule, Septemba baada ya kutimiza miaka minne, hapo mzigo unapungua kweli, maana shule ya umma hailipishi.

Mamboleo:
Baba Pacha, kwa nini nyanya asiende yeye huko badala ya mtoto kuja huku?

Baba Pacha, Nakuru:
Viza ya mgeni kwa kawaida ni miezi 6. Kutembelea wajukuu inaruhusiwa, kwenda kufanya kazi ya yaya hairuhusiwi. Akiulizwa na kujibu kwa unyoofu wake kwamba "naenda kulea, wao wako kazini", ameshajimaliza. Baada ya miezi 6 bado mko pale pale. Na ng'ombe anamwachia nani?

Mhudumu wa Afya ya Jamii, Ahero:
Mnazungumza kama mtoto ni mzigo wa kupangia rafu. Mimi naleta mwili wake.

Anayebaki huku ziwani anapata chanjo ya malaria, iliyoanza Homa Bay Septemba 2019 na kuenea kaunti za magharibi. Dozi ni nne: miezi 6, 7, 9 na 24. Anayechukuliwa akiwa na miezi 8 amepata mbili tu, na huko aendako haitolewi. Chanjo ya surua nayo ina mtego wake. Huku tunadunga miezi 9 na tena miezi 18. Uingereza dozi yoyote ya kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, itarudiwa. Hiyo haina madhara, lakini mzazi asiyejua hugomba kliniki akidhani kijitabu chake kimedharauliwa. Kijitabu chenyewe kipigwe picha kila ukurasa, hasa ule wenye BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa sababu wao hawampi kila mtoto.

Anayekwenda ana jambo lingine ambalo hapa hakuna anayelifikiria, nalo ni jua. Ngozi nyeusi kwenye baridi ya Oktoba hadi Machi haitengenezi vitamini D ya kutosha, na mtoto anaweza kupata matege katikati ya nchi yenye maziwa tele. Kule wanashauri matone kila siku, mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa mtoto anayenyonya tangu kuzaliwa, na 10 kwa wa mwaka mmoja hadi minne. Anayekunywa maziwa ya kopo zaidi ya mililita 500 kwa siku haongezewi mpaka afike mwaka mmoja, kwa sababu kopo tayari lina hiyo vitamini.

Sasa kuhusu nyanya. Mamboleo, hukosei kumwogopea, lakini unaogopea kitu kisichofaa. Upendo anao. Kinachomshinda ni saa. AL, ile dawa ya kutibu malaria, ni mara mbili kwa siku, siku tatu, lakini dozi ya pili ni baada ya saa 8, si "jioni". Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge kimoja kila dozi, kilo 15 hadi chini ya 25 viwili, pamoja na uji wa maziwa au chochote chenye mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Nyumba nyingi dawa inaachwa siku ya pili, mara tu mtoto anapoanza kukimbia kuku, na vilivyobaki vinawekwa kwenye kikombe juu ya kabati kwa ajili ya homa ijayo. Kama mtoto anabaki, anayeandikiwa maelekezo awe yule binamu wa Gredi ya 8 aliye nyumbani, si nyanya peke yake.

Wakili, Bungoma:
Hilo la binamu ni zuri, lakini binamu hawezi kutia sahihi ya upasuaji. Wala nyanya, kwa nguvu zake mwenyewe. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, kuishi na mtoto hakukufanyi mlezi wake kisheria. Mzazi akienda Doha bado anabaki na jukumu lake lote. Kabla ya ndege, wazazi wote wawili waape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo: jina la mtoto, namba ya cheti cha kuzaliwa, jina na kitambulisho cha nyanya, na mambo anayoruhusiwa kuamua yatajwe moja moja, yaani matibabu ya dharura, kulazwa, kuhamishwa shule. "Mambo yote yanayohusu mtoto" ni maneno yasiyomsaidia daktari saa nane za usiku. Nakala tatu: nyumbani, shuleni, na kwa jirani mwenye gari.

SHA pia, yaani bima ya afya ya serikali. Mtoto anaandikishwa chini ya akaunti ya mzazi. Mzazi aliyeacha kazi ya hapa na kuondoka, mchango wake ukikatika, zahanati itampokea mtoto, kulazwa itakuwa shida. Lipa wa mwaka mzima kabla ya kusafiri. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Na wanaojifungulia huko: mtoto ni Mkenya kwa kuzaliwa kama mama au baba ni Mkenya, popote alipozaliwa, Ibara ya 14. Uingereza haimpi uraia kwa kuzaliwa pale tu, tangu 1983. Mwandikisheni ubalozini mapema.

Mwalimu wa Gredi za Chini, Kondele:
Mimi sina upande kati ya Mamboleo na Sista. Nina ugomvi na mpango wa tatu, ambao ndio unaofanywa sana: mtoto anazaliwa huko, analetwa huku na miezi 18, anachukuliwa tena akifika miaka sita. Mpango huo unamnyima pande zote mbili. Anapoletwa, ndipo maneno yalikuwa yanaanza kufunguka kwa Kiingereza, yanakatika. Anajenga Dholuo na Kiswahili miaka minne, anamaliza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, akijua silabi, kisha anapelekwa kwenye darasa ambalo wenzake wana miaka miwili ya kusoma Kiingereza. Huko mwaka wa masomo unafunguka Septemba na umri unakatwa tarehe 31 Agosti. Wa miaka sita tayari yuko darasa la pili la shule, au la tatu. Anawekwa na wenzake wa umri wake hata kama hajui sauti ya herufi moja ya Kiingereza. Kama ni lazima ahame, ahame mara moja tu.

Wanaokwenda na mtoto, chagueni lugha moja ya nyumbani na mtu mmoja asiyeivunja. Iwe ile nyanya anayoongea. Kiswahili kinafaa kama wazazi ni wa makabila mawili, lakini mtoto asiyeweza kumjibu nyanya "Oyawore" au "Mulembe" ataongea naye kwa simu sekunde kumi, kisha ataondoka. Simu yenyewe: mtoto wa chini ya miaka mitatu hakai mbele ya uso usiofanya kitu. Nunua kitabu kimoja cha picha nakala mbili, moja huku moja huko, mfungue ukurasa pamoja. Kisumu saa mbili usiku ni saa kumi na moja jioni London wakati wa baridi, saa kumi na mbili wakati wa joto. Doha ni saa ile ile ya kwetu.

(Na wanaorudi wakiwa na miaka tisa wakisema "kitabu yangu", msiwacheke. Wa Kondele wanasema hivyo hivyo.)

Mamboleo:
Mwalimu umenibana. Nabadilisha hoja yangu kidogo: asihamishwe zaidi ya mara moja kabla ya miaka sita. Lakini la nyanya bado sijashawishika. Wakili ametaja hati, Ahero ametaja binamu, Baba Pacha ametaja jirani. Nyanya anahitaji ofisi nzima.

Sista, Kakamega:
Na mama wa zamu 13 hahitaji? Tofauti ni kwamba ofisi ya nyanya hailipwi.

Ila kabla hatujafunga, Ahero, naomba jibu. Wanaokaa na watoto huko hurudi Desemba wiki tatu, wanasema "mtoto ni wetu, damu yetu, malaria haimsumbui". Wanakosea wapi?

Mhudumu wa Afya ya Jamii, Ahero:
Wanakosea kwa sababu kinga ya malaria hairithiwi kama pua. Inajengwa kwa kuumwa mara kwa mara, na hata mtu mzima inampungua akikaa mbali. Aliyezaliwa Leeds ni sawa na mtalii. Waone daktari wa huko kabla ya safari, wakiwa wamempima mtoto uzito wiki hiyo hiyo, si ule wa kliniki ya mwaka jana. Atovakwoni na proguanili ya watoto, dawa ya kuzuia malaria, inatolewa kwa kilo: 11 hadi 20 kidonge kimoja kwa siku, 21 hadi 30 viwili, 31 hadi 40 vitatu. Inaanza siku moja au mbili kabla ya kufika na inaendelea siku 7 baada ya kuondoka, na hizo 7 ndizo zinazosahaulika. Neti iliyotiwa dawa ichomekwe chini ya godoro pande zote. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza mlangoni liwe "tumetoka Kisumu".