Fundi ameinusa koili yangu, kisha akasema zote nne zimekufa

Wanajamvi, nimetoka gerejini sasa hivi na mikono bado inatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiandika kwa ukali. Fundi ninayemzungumzia hana haja ya kutajwa. Kila aliyewahi kupeleka gari upande ule anamfahamu, na kama wewe humfahamu, basi shemeji yako anamfahamu na hadi leo anamdai.

Gari ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5, na lilikuwa linamisi, yaani silinda mojawapo inakosa kuchoma petroli. Likisimama kwenye foleni lilitikisika hadi mwenye bodaboda pembeni akaniuliza kama niko salama, na taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima. Taa hiyo ikiwakawaka namna hiyo, maana yake petroli isiyoungua inakwenda moja kwa moja kwenye sailensa na masega ya kusafishia moshi (katalisti) yamo njiani kuungua, ndiyo sababu sikutaka kuchelewa. Nilikwisha pimisha kwa mashine, ikatoa msimbo P0303, yaani silinda ya tatu, ukihesabu kutoka upande wa cheni, haichomi inavyotakiwa. Msimbo huo hausemi kwamba koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, imekufa. Kosa linaweza kuwa kwenye koili, kwenye plagi, kwenye nozeli, au hata kwenye mgandamizo wa silinda yenyewe.

Nilimweleza hayo yote kwa heshima. Nilimwomba aihamishe koili ya silinda ya tatu aiweke kwenye ya kwanza, na ile ya kwanza aipeleke kwenye ya tatu, tufute msimbo, tuwashe injini na tuone kama kosa litahama. Likihama na kuwa P0301, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0303, koili haina hatia na tunaigeukia plagi. Kila koili imeshikwa na boliti moja tu ya spana namba 10 na soketi moja ya waya, wala hakuna kinachonunuliwa wakati wa kupima.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alichomoa koili ya silinda ya kwanza, ambayo haikulalamikiwa na mtu wala mashine, akaifuta kwenye ovaroli, akaipeleka puani, akafumba macho, akainusa. Aliinusa kwa pumzi ndefu, mbele ya wateja wengine na mbele ya vijana wake, halafu akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Hii imeshakufa, na zile tatu nazo zimekufa." Kisha akanigeukia: "Dada, nenda kakae kivulini, injini haisomwi kwenye simu."

Aliinusa! Hata mbwa wa polisi wa uwanja wa ndege hupelekewa mzigo unaoshukiwa, hapelekewi wa jirani yake. Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi makumi ya maelfu ili cheche iruke kwenye plagi, na mtu mzima mwenye gereji na wanafunzi anataka kujua kama kazi hiyo inafanyika kwa kutumia pua. Nilipomuuliza kwa nini asizibadilishe nafasi kwanza, alisema yeye yuko kazini tangu mimi sijazaliwa. Sikuuliza umri wake, niliuliza kipimo.

Nilinunua koili nne katika duka alilonielekeza yeye, kwa fedha iliyokuwa imetengwa kwa ada ya mtoto. Zikafungwa, gari likawashwa, likamisi vilevile, na msimbo ukawa uleule, P0303. Akaniambia injini inahitaji muda wa kuzizoea. Jioni kijana mmoja wa mtaani kwetu alichomoa plagi ya silinda ya tatu, akaibadilisha na ya silinda ya pili, akafuta msimbo, akawasha. Ikaja P0302. Kosa lilikuwa limehama pamoja na plagi, na tulipoiangalia kwa tochi tuliona ufa mwembamba kwenye ile kauri nyeupe, na mstari mweusi umepita juu ya ufa huo ambapo umeme ulikuwa unatorokea. Ni plagi moja, wanajamvi, na yule bwana hakuigusa hata kwa pua.

Leo asubuhi nilirudi kudai koili zangu nne za zamani, ambazo sasa sote tunajua zilikuwa nzima. Amesema alizitupa. Nikauliza alizitupa vipi bila ruhusa yangu. Akajibu, na vijana wake wakacheka: "Dada, mimi nilizinusa mwenyewe." Amerudia tena, na kwa fahari! Ninataka fedha zangu, ninataka koili zangu, na ninataka mtu yeyote anayefahamiana naye amwambie kwamba kunusa si kupima.

Kipanga wa Mbagala:
Pole sana dada. Ni yeye huyo huyo aliyepima koili yangu kwa kuiegemeza na plagi yake kwenye chuma cha injini, cheche ikaruka, akasema ni nzima, nikamlipa, na gari likamisi hadi nyumbani. Cheche inayoruka kwenye hewa ya wazi haithibitishi kitu. Ndani ya silinda kuna mgandamizo, na koili dhaifu ikikutana nao inashindwa kuvuka hata ile milimita moja ya mdomo wa plagi. Mimi hakuninusia, labda siku hiyo alikuwa na mafua.

Mzee wa Spana:
Mleta uzi, umeeleza hapa boliti ni moja, spana ni namba 10 na utaratibu wote unaujua kwa kichwa. Kwa nini basi hukuzihamisha mwenyewe nyumbani, ukaamua kwenda kumlipa mtu akunusie? Halafu usiwadanganye watu, koili iliyoungua ndani hutoa harufu ya plastiki, na kila fundi wa kweli anaijua.

Mleta uzi:
Mzee wa Spana, sikatai kwamba koili iliyoungua inaweza kunuka, lakini alinusa moja akahukumu nne! Tena alinusa ya silinda ya kwanza wakati mashine ilitaja ya tatu! Gari nampelekea fundi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake na ninamlipa kwa kazi hiyo.

Bibi Probox:
Wako alinusa. Wangu alileta mita ya umeme, na hilo ni baya zaidi kwa sababu mteja anaona utaalamu na kunyamaza. Koili za injini hiyo zina waya nne: wa umeme, wa ethi, wa amri kutoka kwenye kompyuta ya gari na wa jibu linalorudi kwenye kompyuta. Saketi ya kuwasha na kukata umeme imo ndani ya koili yenyewe, kwa hiyo omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) utakazosoma kwenye pini hizo hazikuelezi hali ya koili. Zile za zamani zenye pini mbili ndizo unazoweza kupima namna hiyo. Yeye aligusa pini, akatikisa kichwa kama aliyepokea msiba, na kuniuzia koili tatu.

Mchovu wa Gerezani:
Mnawaandama mafundi na kuwaacha wauzaji wa spea, ambao ndio wametumaliza. Nilinunua koili ndani ya boksi safi, limeandikwa 90919-02240 kama inavyotakiwa kwa 1NZ-FE, imefungwa kwa nailoni, na muuzaji akaapa kwa watoto wake. Nilipofika nyumbani nikaona pini zina michubuko ya soketi na raba ya chini imekauka hadi inakatika ukiikunja. Ni ya mtumba iliyooshwa kwa petroli na kuvalishwa boksi. Nilipoirudisha alisema mimi ndiye niliyeichubua. Koili za mleta uzi msizitafute, kesho zitakuwa dukani ndani ya boksi kama hilo.

Mama Noa:
Wauzaji afadhali, kwa sababu angalau unaondoka na kitu mkononi. Mimi nina ugomvi na waosha magari. Nimewaambia mara zote wasipige maji ya presha kwenye injini, na kijana yule anasubiri nikienda kununua maji ya kunywa ndipo afungue boneti. Maji yanaingia kwenye visima vya plagi, yale mashimo plagi zinamokaa, yanakaa pale chini ya raba ya koili, umeme unapita kwenye maji badala ya kuruka kwenye plagi, na asubuhi gari zima linatetemeka. Nikimlalamikia anasema injini lazima ing'ae.

Mzee wa Spana:
Mama Noa, hapo uko sahihi kabisa, ingawa na oili nayo huingia kwenye visima hivyo gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ikichoka, na kuilainisha raba ya koili hadi ikatepeta. Ukiona oili, kubadilisha koili peke yake ni kupoteza fedha. Kwa maji, chomoa koili zote, puliza visima kwa upepo wa kompresa kabla hujatoa plagi, futa raba kwa ndani, na uziache nje zikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Kipanga wa Mbagala:
Upepo huo huo wa kompresa ndio wanaokutoza. Wa kwetu aliipiga injini yangu maji bila kuulizwa, ikamisi palepale uwanjani, halafu akataka nimlipe tena kwa kuikausha.

Mama Noa:
Kwa hiyo wanatoza na kukausha! Mimi aliniambia nikazungushe gari barabarani hadi likauke lenyewe, petroli ikawa yangu.