Mjadala: Betri ipi itanifikisha Mombasa kwa pikipiki ya umeme?

Msafiri wa Athi: Pikipiki yangu ina betri moja ya volti 72 na ampea-saa 40, yaani wati-saa 2,880, ambayo hunipeleka kilomita 80 hivi. Nataka kuongeza ya pili, nitoke Nairobi saa kumi na moja alfajiri na kufika Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi, kabla ya Magharibi. Je, ninunue LFP, ile ya chuma na fosfeti, au NMC, ile ya nikeli, manganizi na kobalti? Wanaokodi betri vituoni watuwie radhi, kwa kuwa asiyemiliki hana la kuchagua.

Chaji Kamili: Ndugu, mimi hukodi, na nilichagua kukodi kwa akili timamu. Betri ikichoka, hasara ni ya kampuni. Yako ikichoka, utailaza sebuleni pamoja na deni lake.

Fundi wa Makupa: Turudi kwenye swali. LFP huvumilia kuchajiwa mara 2,000 au zaidi na hustahimili joto vizuri, ila kwa uwezo uleule ni nzito kuliko NMC kwa kilo kadhaa. Volti yake karibu haishuki hadi mwishoni, kwa hiyo kipimo cha volti kitakuambia una nusu ilhali unakaribia kusukuma. Kwa safari hiyo ningechukua LFP na kustahimili uzito. Vijana wa vituoni hawayajui haya kwa sababu hawajawahi kufungua betri hata moja.

Chaji Kamili: Mzee wangu, shikamoo, lakini abiria hapandi ndani ya betri. Mimi hubadilisha kwa dakika chache na kuendelea na kazi.

Fundi wa Makupa: Marahaba. Basi badilisha pale nyikani katikati ya Mtito Andei na Voi, kisha utuelezee.

Mteremko: Mnagombana bure. Nairobi iko juu mita 1,700 hivi na Mombasa iko baharini. Ni mteremko mtupu, betri yoyote itafika.

Hesabu Kwanza: Mteremko huo umetawanyika katika kilomita 480, tena una vilima vyake, na wakati wa kurudi utaulipia. Kuinua kilo 220 za pikipiki, mpandaji na mzigo hadi mita 1,700 kunadai takriban kilowati-saa moja, kabla ya kuhesabu upepo na hasara za mota. Ama Msafiri, betri mbili ni kilomita 160, kwa hiyo utasimama mara mbili, na chaja ya ampea 10 hujaza betri moja kwa saa nne. Hata ukibeba chaja mbili, utasimama saa nane na kuendesha nyingine kumi kwa mwendo wa 50. Utafika saa tano usiku.

Msafiri wa Athi: Nani aliyekuambia kwamba mimi huendesha 50?

Hesabu Kwanza: Kilomita zako 80 ndizo zilizoniambia. Ukienda kwa mwendo wa 80, ukinzani wa upepo kwa kila kilomita huzidi mara mbili na nusu, na hizo 160 hutaziona.

Chaji Kamili: Naye hajauliza bado kama huko njiani kuna soketi ya kuchajia. Huyo ndiye mmiliki.

Msafiri wa Athi: Soketi nitaomba hotelini. Wewe endelea kupanga foleni.