Nimelipia Grand Cayman, nikaonyeshwa kwa mbali, na bili nikaletewa

Wakuu, salamu zenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite tu, nyuzi ziko nyingi.

Mimi naishi Houston. Bi mkubwa, mama yangu, alikuja kututembelea kutoka Tanga, na mke wangu akasema safari hii tumfanyie kitu atakachokwenda kuwasimulia wenzake. Tukakata tiketi za meli ya kitalii ya wiki moja, moja ya yale maghorofa yanayotoka bandari ya Galveston hapa Texas, kupitia Jamaica, kisiwa cha Grand Cayman na Cozumel kule Mexico. (Mwenye mgeni wa viza aangalie hili mapema: meli ikiondoka umetoka Marekani, na kurudi unapita uhamiaji upya. Viza ya kuingia mara moja itakuletea balaa gatini.) Jina la kampuni silitaji kwa sababu bado tunabishana nao. Waliopanda hizi meli watajua nazungumzia nini hata nisipotaja, tabia zao hazipishani sana.

Tangazo lilisema kuanzia dola 599 kwa mtu. Hiyo bei ni ya mtu anayelala na mwenzake kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mama hawezi kulala chumba kimoja na mimi na mkwe wake, hilo kwetu hata halijadiliwi, kwa hiyo tukamchukulia chumba chake. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba mtu mmoja chumbani analipa nauli ya watu wawili. Mama mmoja, nauli mbili! Na mezani hakuna aliyemletea sahani ya pili. Juu yake weka kodi na ada za bandari, halafu bakshishi ya lazima-si-lazima, dola 17 kwa kila kichwa kwa kila siku, inajiandika yenyewe kwenye bili. Mambo ya tozo nilidhani nimeyaacha Bongo mwaka 2021 kwenye miamala ya simu.

Kwenye vinywaji ndiyo nilicheka kwa uchungu. Bia moja na asilimia 18 ya huduma inakaribia dola 12. Nikasema basi, ninunue kifurushi cha vinywaji cha wiki nzima nijue moja. Nikaambiwa mtu mzima mmoja chumbani akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue. Mke wangu ni mlokole, tangu nimjue hajaonja hata wine. Nikamweleza yule dada wa mauzo. Akajibu kwamba utaratibu umewekwa ili watu wasigawane. Kwa hiyo mlokole alipie karibu dola 500 za pombe ambayo hatainywa, ili mimi nisionekane mwizi wa bia. Nikaacha. Nikanywa maji na chai ya bure wiki nzima, na ile chai, jamani, watu wa Lushoto wangeomboleza.

Mengine nayapitisha haraka. Lifti unasubiri hadi unasahau ulikuwa unakwenda sitaha ya ngapi. Viti vya kujilaza kando ya bwawa, alfajiri watu washatandika taulo na kurudi kulala, mwenye taulo anatokea saa nne. Bando la intaneti bei yake ni ya mwezi mzima nyumbani kwangu. Chakula, nisiwaonee, kilikuwepo kingi na kizuri.

Jamaica pia siilaumu. Tulishuka Falmouth, meli inafunga gatini kabisa, unatembea kwa miguu hadi mjini. Mama aliona shelisheli linachomwa barabarani, akasimama pale pale akaanza kumweleza muuzaji, kwa Kiswahili, jinsi linavyopikwa kwa nazi. Muuzaji akaitikia kwa kile Kiingereza chao na wakaelewana, sijui vipi. Siku hiyo nikasema hela yangu haikupotea.

Sasa Cayman.

Grand Cayman ndiyo tuliyoifuata. Pale kuna mahali panaitwa Stingray City, mchanga katikati ya bahari, maji ya kifuani, samaki aina ya taa wanakuja wenyewe kukuzunguka. Mama alipoonyeshwa video alicheka hadi akatoa machozi: watu wanalipa dola kumpapasa taa, kwao taa anakaushwa na kupikwa mchuzi. Lakini alitaka aone. Alinunua hadi kofia.

Mji wao mkuu, George Town, hauna gati la meli kubwa. Meli inakaa nje, abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Na hili si la muda, wananchi wa Cayman walipiga kura Aprili 2025 na wengi wakakataa kujengewa gati la meli za kitalii. Ni nchi yao, sina ugomvi nao. Ninachosema ni kwamba kampuni inajua fika bandari hii inategemea bahari ikae shwari, upepo ukigeuka boti hazishushi mtu. Inajua, na bado kwenye tangazo George Town ilipewa picha kubwa kuliko zote, bila hata mstari mmoja wa onyo pale unapoweka namba ya kadi.

Asubuhi kisiwa kinaonekana. Nyumba unaziona, magari unayaona. Mama kavaa, kofia kichwani, mkoba begani, tumekaa na namba zetu kusubiri boti. Nahodha akatangaza kuwa mawimbi ni makubwa, hatushuki, tunaelekea Cozumel, tutakuwa na siku nzuri ya mapumziko baharini.

Kabla mtu hajaniambia "usalama kwanza": nakubali. Mimi mtoto wa pwani, bahari siichezei, na nahodha akisema hapana ni hapana. Sikuwahi kubishana na nahodha. Nabishana na mhasibu.

Maana sikilizeni kilichofuata. Meli ikiwa bandarini, maduka yake ya ndani na ukumbi wa kamari hufungwa. Ikiwa bahari kuu, vinafunguliwa. Haikupita saa moja tangu tangazo la nahodha, likaja tangazo la pili, kwa sauti ya furaha: maduka yamefunguliwa, saa za mkononi zina punguzo, bingo imeongezwa, ukumbi wa kamari unawakaribisha. Watu maelfu waliokuwa wakatumie hela zao kwa wavuvi na madereva wa George Town sasa wamefungiwa ndani na mashine za kamari. Kwa hiyo bandari ikifutwa, kampuni haiumii. Wewe ndiye umeikosa, mwenye teksi kule nchi kavu kaikosa, wao wanauza.

Nikashuka dawati la wageni. Foleni yake ilikuwa imezunguka hadi kwenye ngazi. Nilipofika nikauliza tunarudishiwa nini. Kodi ya bandari, dola 14 na senti kwa kila mtu. Inarudi kwenye kadi yangu? Hapana, inaingia kwenye akaunti ya ndani ya meli. Yaani nikanunue nayo bia moja na robo.

"Na sehemu ya nauli?"

"Nauli ni ya safari, bwana, haigawanywi kwa bandari."

"Na bakshishi ya leo?"

Yule dada akanitazama kwa huruma, nami nikajisikia vibaya, kwa sababu hilo si la kumuuliza yeye.

Linganisheni na hili. Boti ya kwenda kuona taa niliikodi kwa mwenyeji wa Cayman mwenyewe, siyo kupitia kwa meli, kwa sababu meli ilikuwa inauza karibu mara mbili. Yule bwana aliona meli imegeuka. Mimi sijamwandikia, yeye kaniandikia: hamkushuka, hela yenu inarudi yote. Ikarudi yote. Mtu wa boti moja, ambaye siku hiyo kapoteza wateja wake wote, kalipa. Wenye meli ya maghorofa wananipa bia na robo.

Najua kuna mtaalamu atakuja hapa chini na "ungesoma mkataba". Nimeusoma, wote, na kusoma hakusaidii kitu kwa sababu huna pa kukataa. Mkataba unasema kampuni inaweza kubadilisha au kuruka bandari yoyote kwa sababu yoyote bila fidia. Unasema ukitaka kushtaki, uende Miami, hata kama unaishi Alaska. Na usidhani mahakama itakuonea huruma. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mama mmoja wa jimbo la Washington aliyeanguka ndani ya meli ya kitalii akaumia. Alishtaki kwao. Majaji wengi wakasema sharti lililochapishwa kwenye tiketi, kwamba kesi ziende Florida, linamfunga. Tiketi ambayo hakujadiliana na mtu hata neno moja!

Serikali je? Kuna tume ya shirikisho inayosimamia usafiri wa baharini, na kanuni yake ya kurudisha nauli inahusu safari iliyofutwa kabisa au iliyochelewa kuondoka siku 3 au zaidi. Bandari kurukwa haimo. Wenye meli nao walitoa orodha yao ya "haki za abiria" mwaka 2013, baada ya meli moja iliyotoka hapa hapa Galveston kuungua chumba cha injini, watu wakakaa siku kadhaa vyoo havifanyi kazi mpaka ikavutwa hadi Mobile, Alabama. Orodha ile inazungumzia safari iliyokatishwa kwa ubovu wa mitambo. Mawimbi ya Cayman hayamo. Na nyuma ya meli yetu, chini ya jina, imeandikwa Nassau. Ofisi Miami, abiria wa Texas, bendera ya Bahamas. Ukitafuta pa kulalamikia unazungushwa visiwa vyote.

Nitoe neno kuhusu wafanyakazi, kwa sababu nimeona nyuzi za watu wanaotukana wahudumu na hilo silipendi. Aliyekuwa anahudumia meza ya jirani yetu ni kijana wa Mombasa. Alimsikia mama akiniuliza ile sosi ina nini, akageuka, "Shikamoo mama," na mama karibu apige kigelegele katikati ya ukumbi. Kuanzia jioni ile mama alikuwa analetewa pilipili bila kuomba. Kijana yuko kwenye mkataba wa miezi minane, kila siku yuko kazini, hana Jumamosi wala Jumapili. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia unaruhusu hadi saa 72 kwa wiki, kama nchi imechagua kupimia saa za kazi badala ya saa za mapumziko, na kwa alivyotuambia wanazikaribia. Zile dola 17 nilizozilalamikia juu, sehemu yake ndiyo mshahara wake. Kampuni imehamishia mishahara ya watu wake kwenye bili yangu, halafu inaiita bakshishi, ili nikikataa nionekane namnyima kijana wa watu. Sikuiondoa kwenye bili. Tena mama alimpa na ya mkononi, akamwambia asimwonyeshe mtu.

Cozumel tulifika, palikuwa na joto na maduka ya dhahabu. Mama hakushuka. Alisema miguu inamuuma, lakini kofia ilikuwa juu ya kitanda na mimi ni mwanawe, najua.

Tuliporudi nikaandika barua pepe. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine, linanishukuru kwa kuchagua kusafiri nao. La pili linaniambia mabadiliko ya ratiba yako ndani ya masharti. La tatu, baada ya kuwaambia nitapinga malipo benki, wakatoa "zawadi ya nia njema": vocha ya dola 100 kwa chumba, itumike ndani ya mwaka mmoja, kwa safari mpya tu, haihamishiki, haibadilishwi kuwa fedha. Vocha ya mama ina jina la mama. Mama yuko Tanga, anamwagilia mchicha wake. Aikate nauli ya ndege ya kuja Texas ili akapate punguzo la dola 100?

Nimeikataa kwa maandishi. Benki nimeshawapelekea risiti, picha ya tangazo lenye George Town, na ile barua ya mwenye boti aliyerudisha hela, ili waone kurudisha kunawezekana.

Ninachotaka kwenu wakuu ni vitu viwili tu. Aliyewahi kupinga malipo ya meli kupitia benki kwa sababu ya bandari kurukwa, alitumia hoja gani na ilikwendaje? Na kama kuna mwanasheria wa Texas humu, mahakama ya madai madogo hapa inaweza kusikiliza kiasi hiki kidogo, au lile sharti la Miami linafunga hata huko? Wenye "pole sana" nawashukuru, ila mniwekee na jibu. Na yule atakayekuja kusema watu wana shida kubwa kuliko meli, ni kweli, aanzishe uzi wake.