Naomba ushauri: doki ya hadi diski yenye usimbaji inakaribia kufa

Ndugu wanajamvi, salaam. Natunza kumbukumbu za wanachama wa SACCOS yetu kwenye hadi diski mbili za terabaiti 4, ambazo huzibadilisha kila Ijumaa: moja hubaki mezani kwenye doki (kifaa cha kuchomekea hadi diski ili kompyuta iisome kupitia USB), nyingine hufungiwa kabatini nyumbani. Doki hiyo ina vitufe vya namba ya siri, na ndiyo inayosimba data, yaani kuzifanya zisisomeke bila ufunguo, kwa AES (njia ya usimbaji) ya biti 256 kabla hazijaandikwa kwenye diski.

Wiki iliyopita ilianza kukatika katikati ya kunakili. Nilichomoa diski nikaiunganisha moja kwa moja kwenye ubao mama kwa waya wa SATA, lakini Windows iliiona kama diski tupu na kunitaka niiandae kama diski mpya (initialize). Nilighairi upesi, na nakiri mkono ulinitetemeka. Kisha nikaazima doki ya toleo lilelile, nikaweka namba ileile ya siri, nayo haikufungua kitu. Nimebadilisha pia waya wa USB na adapta ya umeme, na sasa doki yangu hudumu kama dakika 20 kabla ya kuzima.

Je, ufunguo wa usimbaji hukaa ndani ya chipu ya doki, kiasi kwamba ikifa leo diski zote mbili zimekwenda nayo? Na nikiwahi kuhamisha data, je, nitumie programu ya usimbaji ya VeraCrypt au BitLocker kwenye doki ya kawaida, ikizingatiwa kwamba baadhi ya doki hubadilisha ukubwa wa sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data kwenye diski) kutoka baiti 512 hadi 4096, na diski ikihamishwa haisomeki?