Nimenunua tetradrakma ya Side, ina mhuri shavuni kwa Athena. Nirudishe au nibaki nayo?

Zamu ya Usiku
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri wa haraka maana mwisho wangu ni Ijumaa. Niko Leicester hapa Uingereza, nimejibana kwenye ovataimu mpaka nikapata pauni 190 nikanunua sarafu yangu ya kwanza ya fedha, ni tetradrakma, yaani ya drakma nne, ya Side, mji wa Wagiriki wa kale pwani ya kusini ya Uturuki ya leo. Upande mmoja yupo mungu wa kike Athena na kofia ya vita yenye shungi, upande wa pili Nike, yule mungu wa kike wa ushindi mwenye mabawa, ameshika shada na mbele yake kuna komamanga dogo. Hilo komamanga ndo lilinimaliza jamani, kwa sababu side maana yake ni komamanga, yaani mji unaandika jina lake kwa kuchora tunda!

Sasa shida. Shavuni kwa Athena mtu amegonga mhuri wa mstatili, ndani naona kitu kama mfuko na herufi kama ΠΕΡ. Na ukigeuza, Nike amebonyea tumboni kabisa, hana mikunjo ya nguo. Jamaa anayekusanya siku nyingi ameiangalia akaniambia nimepigwa, sarafu imeharibiwa, rudisha. Uzito gramu 16.4. Muuzaji anapokea mpaka Ijumaa. Pia ina weusi weusi, niisugue na dawa ya meno kabla sijapiga picha nzuri?

Mzee wa Riale
USISUGUE!! Tafadhali mdogo wangu, weka hiyo dawa ya meno mbali. Huo weusi ni ngozi ya fedha iliyojijenga kwa miaka mingi, ukiisugua unaikwaruza na bei inashuka hapo hapo.

Kuhusu mhuri, huyo jamaa yako sikubaliani naye hata kidogo. Huo si mfuko, ni ala ya upinde, na ΠΕΡ ni PER kwa Kigiriki, yaani Pergamon, mji mwingine wa kale huko huko Uturuki ya leo. Karne ya pili kabla ya Kristo wafalme wa Pergamon walikuwa na pesa yao nyepesi ya gramu kama 12.6 hivi, wakati hizi za Side zilikuwa zinakaribia 17, basi zikiingia kwenye miji ya ule ufalme zinagongwa mhuri wenye jina la mji ndo zinatumika, kuna za Efeso, kuna za Sardi. Na ile ala ya upinde ndo hiyo hiyo iko kwenye pesa yao wenyewe katikati ya nyoka wawili. Wengi huitaja kuwa ya Herakle, yule shujaa wa Wagiriki, kwa sababu wale wafalme walijihesabu ni uzao wa Telefo mwanawe. Kwa hiyo una Athena, Nike na Herakle kwenye kipande kimoja, na unajua kabisa kilitoka Side kikafika Pergamon. Isiyo na mhuri haikwambii ilikwenda wapi.

Kubonyea kwa Nike ndiko kunakonipa raha zaidi, nyundo ikipiga huku kule nako panalala. Hata jirani zetu, Wareno wa Msumbiji waligonga PM yenye taji juu ya riale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za Austria, ni kazi ile ile.

Binti Pangani
Naongezea, chukua lenzi uangalie NDANI ya mhuri. Weusi wa mle ufanane na wa nje, kukiwa kunang'aa peke yake basi umegongwa juzi. Ukingoni kusiwe na mshono wa kuzunguka wala vitundu vya hewa, hivyo ni vya sarafu bandia ya kumiminwa.

Abuu Salma
Samahani kama natoka nje ya mada, hivi kwa mtu wa dini hizi sura za miungu kuziweka ndani imekaaje?

Binti Pangani
Swali zuri sheikh. La hukumu waulize wenye elimu, mimi nakupa historia tu, dirhamu za mwanzo za Waislamu kule Iraki na Uajemi zilibaki na sura ya mfalme wa Kiajemi na madhabahu ya moto, pembeni wakaongeza bismillah. Dinari za maandishi matupu alizitoa khalifa Abd al-Malik mwaka 77 Hijria.

Kipande cha Fedha
Mimi nakwenda kinyume kidogo. Mhuri sawa, mzuri, lakini karatasi ziko wapi? Uturuki hairuhusu mambo ya kale kutoka nje, sasa kama muuzaji hana ushahidi kwamba iko kwenye soko siku nyingi, rudisha hata kama inakuliza. Mtu akichimbua kwa wizi anaharibu habari yote iliyokuwa pale ardhini.

Zamu ya Usiku
Ahsanteni sana, nimesoma kila neno. Lenzi nimeazima, ndani ya mhuri weusi ni ule ule, ukingo safi. Muuzaji nimempigia, ameniletea picha ya kadi ya mkusanyaji wa zamani na karatasi ya mnada wa 1994, sarafu ni hii hii, hata ule mkwaruzo kwenye bawa upo. Kwa hiyo sirudishi. Ilikuja na kimfuko cha plastiki laini, nacho nasikia kikiwa cha PVC kinaacha ute wa kijani, niweke kwenye bahasha ya karatasi au kuna kitu bora?

Mzee wa Riale
Karatasi isiyo na asidi inatosha. Itoe kwenye hicho kimfuko leo leo, ishike ukingoni.