Fundi kanila milioni nzima, kumbe mpira wa elfu tatu! (Pajero kugoma foo wili)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika na hasira mpaka mikono inatetema, herufi zikikosewa mnistahamilie.

Nina Pajero ya 1997, dizeli 2.8, ile ya gia ndogo yenye 2H (zinavuta tairi za nyuma tu), 4H (ndiyo foo wili, zinavuta zote nne), 4HLc (zote nne, mbele na nyuma zimefungwa pamoja) na 4LLc (hivyo hivyo lakini kwa gia ya chini). Gari ya kazi hii, si ya kubebea bibi harusi. Huku Pemba upande wa Konde mnajua wenyewe vuli ikishika, lami ukishaiacha tu ukaingia mashamba ni udongo mwekundu, unapanda mlima unashuka mlima, huna foo wili ushalala huko huko.

Basi siku hiyo nimepakia magunia sita ya karafuu mbichi, wachumaji wawili wamo nyuma, mvua ishapiga. Nafika bondeni natia 4H, taa za matairi ya mbele pale dashibodi zinapepesa tu, hazitulii. Natia 4HLc, yale yale. Tairi za nyuma zinachimba tope zinarusha mpaka kwenye vioo, za mbele zimekaa kama zimepigiliwa misumari. Nikashuka, nikamwambia mdogo wangu akanyage mafuta kidogo, nikachungulia kwa ubavuni na tochi ya simu. Nimeona kwa macho yangu haya propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu mbele, inazunguka, tena inazunguka hasa, na tairi za mbele hata kutingishika hazitingishiki. Hilo la propela lishikeni. Tukalala pale mpaka asubuhi trekta likatuvuta, na karafuu usiku kucha zimo maguniani zinafuka joto, nusu ikageuka mpeta, karafuu zilizoharibika. Hiyo hasara ya mwanzo hata siihesabu.

Nikajidanganya kwamba mabingwa wako mjini, nikaipakia gari kwenye meli kwenda Unguja. Fundi nlopelekwa, jina nalihifadhi, hata jeki hakupiga. Kaizungusha uwani mara moja kanambia "Mzee hapa transfa imekufa, ukiilazimisha itakula na giaboksi". Transfa ndiyo lile boksi linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma. Nikamuuliza sasa mbona propela ya mbele nimeiona inazunguka? Kacheka yule! Kanambia "Mzee wangu, haya mambo ya kitaalamu". Transfa ya mtumba laki nane na nusu, ufundi laki na nusu, oili nimenunua mwenyewe, siku tisa nalala kwa shemegi yangu Mwanakwerekwe nakula chakula cha watu kama mwali.

Nimerudi Pemba, nimeshuka Mkoani, njia ya vumbi ya mwanzo tu nlokutana nayo natia 4H. Zinapepesa! Nampigia simu ananambia eti basi itakuwa difu ya mbele, ile inayogawia nguvu tairi mbili za mbele, irudishe. Nirudishe na nini, na mbawa?

Sasa sikilizeni hii. Kuna kijana Wete anatengeneza mashine za boti, gari kwake ni kazi ya kupitia tu. Kaniuliza maswali mawili. Breki ziko vizuri? Nikamwambia ziko vizuri. Propela inazunguka? Nikamwambia ndiyo, na nikataka kumkumbatia, mtu wa kwanza kuniuliza! Kanambia "Ami, transfa ndiyo inayozungusha ile propela, ikiwa imekufa ingezungushaje? Yako ilikuwa nzima". Akanifahamisha kwamba gari hizi ukiwa 2H ekseli ya upande mmoja mbele huwa imekatwa, ukitia 4H kuna kikombe cha vakyumu, yaani kinachofanya kazi kwa kunyonywa hewa, kwenye ekseli kinavuta uma ndani, ekseli inashikana. Isiposhikana, nguvu inafika kwenye difu ya mbele inapotelea ule upande uliolegea, matairi hayapati kitu, na taa zinapepesa kwa sababu swichi haijapata habari kwamba imeshika. Vakyumu yenyewe inatoka pampu moja na ya breki, ndiyo maana kauliza breki.

Kafungua boneti, gari inanguruma, mie natia 2H natia 4H, yeye anasikiliza visolenoidi viwili, vile vivalvu vya umeme vinavyofungulia vakyumu, vinavyogonga tik, tik. Vizima. Kaingia chini, kachomoa ile mipira miwili kwenye kikombe kaziba kwa kidole. Kwenye 2H mmoja unavuta. Kwenye 4H ule wa pili kimya, hata pumzi ya mtoto hamna. Kaenda kwenye kikombe chenyewe kanyonya kwa mdomo, kimebana, ngozi ya ndani haijatoboka. Akaufuata ule mpira juu kwa vidole mpaka unapopita karibu na injini, kaukunja kidogo ukavunjika mkononi mwake kama biskuti. Mita moja ya mpira elfu tatu. Nikatia 4H, taa zikapepesa mara mbili tatu zikatulia. Kijana kataka elfu kumi, nimempa thelathini na bado naona haya.

Yakhe nyie wenye Pajero za zamani, zikipepesa msikubali mtu ashushe transfa kabla hajagusa hii mipira, na ile swichi na waya zake kule chini maana tope na chumvi zinaila. Na foo wili itieni hata mara moja kwa mwezi kwenye mchanga, ikikaa sana uma unaganda.

Lakini kinachonikosesha usingizi si milioni. Nimempigia fundi nataka transfa yangu nlokuja nayo, ile nzima. Kwanza kasema ipo, jana kasema kaiuza chakavu, leo hapokei. Chakavu? Basi yeyote alonunua transfa ya Pajero mtumba mjini mwezi huu, aitazame ubavuni karibu na mlango wa kutilia oili. Kuna mstari wa rangi nyeupe, rangi ya dau, niliupaka mwenyewe. Hiyo ni yangu, na haina ugonjwa wowote.