Tukiuliza hesabu za sadaka tunaitwa waasi. Imetosha!

Wapendwa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kanisani kwetu tumechangia ujenzi miaka na miaka. Bahasha, ahadi, sadaka za shukrani, "mbegu", vyote vimekwenda, na jengo bado ni msingi uliomea majani. Mama mmoja mjane, mtoaji asiyekosa, alisimama kwenye mkutano wa washirika akauliza kwa adabu kabisa: zimeingia ngapi, zimetumika ngapi? Akajibiwa kwa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu. Jumapili iliyofuata tukahubiriwa Anania na Safira, mume na mke walioanguka wakafa mbele ya Petro, na kila mtu alijua anasemwa nani. Baadaye akavuliwa huduma yake.

Hiyo Zaburi isomeni yote. Inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wakitangatanga katikati ya mataifa, na Mungu akiwakemea wafalme wasiwadhuru. Daftari la mapato halimo. Na Anania? Petro alimwambia wazi kwamba hata baada ya kuuza shamba, fedha zilikuwa mikononi mwake. Aliangamia kwa uongo juu ya fedha. Sasa kati ya mjane anayeuliza na kiongozi anayeficha, ni nani wa kutetemeka akisoma Matendo 5?

Samweli alipakwa mafuta kuliko hawa wote. Katika 1 Samweli 12 alisimama mwenyewe mbele ya Israeli yote akataka wamshuhudie: ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, ni nani aliyemdhulumu, ni kwa mkono wa nani alikula rushwa? Hakungoja kuulizwa!

Kinachoniumiza zaidi ni 2 Wafalme 12, kwa sababu ni habari yetu neno kwa neno. Watu wanatoa, makuhani wanapokea, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yehoashi nyumba ya Bwana haijakarabatiwa. Mfalme hakuitisha maombi ya kufunga. Aliwaita makuhani akawauliza, kisha akawazuia wasipokee tena fedha za watu. Likawekwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko, na lilipojaa walihesabu wawili, karani wa mfalme pamoja na kuhani mkuu. Wazee wetu wanapenda kurukia mstari wa 15, kwamba hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Wale ni wasimamizi wa mafundi! Walikabidhiwa fedha zilizokwisha kuhesabiwa na watu wawili wa ofisi mbili, na kazi ilionekana kwa macho. Kwetu anayepokea, anayehesabu, anayetunza na anayetumia ni mchungaji na mkewe, na akaunti ina jina lake binafsi.

Paulo naye, aliyeandika nusu ya nyaraka wanazotuhubiria, hakubeba peke yake mchango wa kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na sababu ameitaja katika 2 Wakorintho 8: asije mtu akawalaumu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mbele za wanadamu! Msituambie tena "Mungu anajua". Mungu hajawahi kukosa taarifa, sisi ndio tuliokosa.

Na msidhani ni maneno ya wenye imani haba. Mwaka 1989 mahakama ya Marekani ilimtia hatiani mhubiri wa televisheni Jim Bakker kwa ulaghai. Aliwauzia wafuasi haki ya kulala hotelini kwake kila mwaka maisha yao yote, watu wengi kuliko vyumba vilivyoweza kubeba. Walimpa kwa upendo.

Tunasomewa Malaki 3:10, ile ya kuleta zaka kamili ghalani, kila ibada. Malaki 2, inayoanza kwa kuwaonya makuhani, sijawahi kuisikia madhabahuni.

Tunachodai hakihitaji ufunuo. Akaunti kwa jina la kanisa, yenye watia saini wasio ndugu. Sadaka ihesabiwe na zaidi ya mmoja siku hiyo hiyo, karatasi isainiwe. Taarifa isomwe kwa washirika, mkaguzi atoke nje. Na yule mama aombwe radhi hadharani, pale pale aliposemwa.

Tunaandika barua kwa wazee, na wanaotaka kusaini tayari wapo. Waliofanikiwa kupata ukaguzi makanisani mwao, tuambieni mlianza na nani: wazee, uongozi wa juu wa dhehebu, au msajili?